Mwaka Aliohesabiwa Chura

"Mwalimu, nani alijua kwamba walikuwa 499?"

Aliyeniuliza hivyo ni kijana wa kidato cha pili, mtoto wa mchimbaji, katika shule moja ya sekondari hapa Geita ninakofundisha biolojia. Nilikuwa nawasimulia habari za chura wa Kihansi, tena kwa mbwembwe kidogo, maana somo la uainishaji wa viumbe linachosha na mwalimu hana budi kutafuta chumvi. Nikawaambia kwamba mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wa Tanzania walipandishwa ndege wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York. Darasa likacheka. Chura kapanda ndege! Wengi wao hawajawahi kuiona ndege ikiwa chini.

Yule kijana hakucheka. Akasema, "Mtu akisema 500 najua anakisia. Akisema 499 huyo amehesabu. Baba mwenyewe kwenye duara lao hajui wanashuka wangapi."

Nilimjibu jibu la mwalimu, yaani la haraka: walihesabiwa mmoja mmoja walipotiwa kwenye masanduku. Jibu ni la kweli. Lakini jioni nikitembea kurudi nyumbani nikaona kwamba sikumjibu alichouliza.

Ndugu msomaji, mwaka wa chura ni 1996. Ndio mwaka niliozaliwa, kwa hiyo sina kumbukumbu nao ila za kusimuliwa na za kusoma. Niliposoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, niliusikia ukitajwa pale idarani kama wazee wetu wanavyoutaja mwaka wa njaa au mwaka wa mvua kubwa. Zamani hizo idara iliitwa Idara ya Zuolojia na Biolojia ya Bahari. Mto Kihansi, unaoporomoka kutoka milima ya Udzungwa mpakani mwa Iringa na Morogoro, ulikuwa umekwisha pangiwa kazi: kuzalisha umeme wa megawati 180. Fedha za Benki ya Dunia na za wafadhili wa Ulaya zilikuwa zimepatikana, ujenzi ulikuwa unaendelea. Ndipo watafiti, wakiwamo wa idara hiyo, wakaingia korongoni kutazama mna nini.

Walimkuta chura. Mkubwa wake hafiki sentimita 3, rangi yake ya manjano, na hatagi mayai kama vyura tunaowajua bali anazaa watoto. Alikuwa akiishi kwenye majani yaliyolowa siku zote kwa manyunyu ya maporomoko, mahali hapo tu duniani, pasipozidi hekta 2 au zaidi kidogo. Ekari 5 hivi! Kwetu huku mtu anaweza kulima pamba eneo hilo na bado akaitwa maskini. Profesa Kim Howell, aliyekuwa akifundisha idarani tangu miaka ya 1970, alikuwa mmoja wa waandishi wanne wa makala iliyompa chura huyo jina la kisayansi, Nectophrynoides asperginis. Neno la pili limetokana na Kilatini na maana yake ni hayo manyunyu. Alipewa jina la kitu ambacho kilikuwa karibu kuondolewa.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Mwenye kuhesabu aliitwa baada ya mwenye kuamua. Kama watafiti wangekwenda Kihansi miaka 10 kabla, pengine mto ungejengwa kwa namna nyingine, pengine usingejengwa, pengine ungejengwa vilevile lakini watu wakijua wanachokifanya. Walikwenda saruji ikiwa tayari inakorogwa, tena kwa fedha za mradi uleule. Je, msomi anapokubali kazi kama hiyo anamtetea chura, au anamwandikia cheti cha kifo mapema ili shughuli iendelee bila lawama?

Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa na jibu kali. Nilisema wangekataa. Siku hizi siwezi kusema hivyo, maana najua kilichofuata. Wangekataa, maji yangegeuzwa vilevile, na chura angetoweka bila mtu yeyote kujua kwamba aliwahi kuwapo. Hakuna ambaye angemlilia, kwa sababu hulilii usichokijua. Kuhesabu hakukuuokoa mto. Kulifanya hasara iweze kusemwa, basi, na hilo peke yake si dogo.

Mwaka 2000 sehemu kubwa kabisa ya maji iliingizwa kwenye mitambo. Korongo likakauka. Baadaye yakafungwa mabomba ya kunyunyizia, bustani ya mabomba katikati ya msitu, ili kumwigizia chura maporomoko yake. Wakaendelea kuhesabu: unapima viwanja vidogo kwa kamba, unahesabu waliomo, kisha unakadiria jumla. Kati ya mwaka 2003 makadirio yalifika karibu 21,000, na watu wakaanza kupumua. Miezi michache tu baadaye wakawa wanaonekana wachache wa kuhesabika kwa vidole. Ugonjwa wa ukungu unaoua vyura sehemu nyingi za dunia ulikuwa umeingia, na wapo wanaotaja sababu nyingine pia. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini ametoweka. Hata wale wa Marekani walikuwa wamekufa kwa wingi wakabaki chini ya 100, ndipo wakaanza kuongezeka. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nyumbani, Mlimani, kwenye chumba maalumu cha idara ileile, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Mimi niliwaona kupitia kioo. Nilitegemea kuona kitu kikubwa, sijui kwa nini. Niliona majani, maji yakinyunyiza, na baada ya kutazama sana kitu cha manjano kama ganda la embe kikasogea. Kilichonishika ni yule mhudumu. Alikuwa na ubao wenye karatasi, anatazama, anaandika, anahamia kioo kingine. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu 1996 na bado kulikuwa na mtu wa kuandika.

Sasa nirudi huku kwetu, maana mwaka 1996 haukupita Kihansi tu. Tarehe 21 Mei mwaka huo meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria, karibu kabisa na kufika Mwanza. Ilijengwa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwapo, na hiyo peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Soma tena sentensi hiyo. Watu waliopanda na mikungu ya ndizi na watoto mgongoni, waliolipa nauli wakapewa nafasi, hawakuandikwa popote. Mpaka leo wapo wanaosema walikufa mia nane, wapo wanaosema elfu. Wengine wamezikwa Igoma. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni watu 200. Huwezi kuwapa hata jina la Kilatini.

Agosti mwaka huohuo, kule Bulyanhulu, iliyokuwa wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, wachimbaji wadogo waliondolewa kupisha kampuni. Yakatoka madai kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni zikakana, na mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayoshughulikia malalamiko ikaandika kwamba haikuona ushahidi wa kuyaunga mkono madai hayo. Mimi si hakimu na sikuwapo. Ninachokitazama ni kitu kingine: hata idadi ya watu waliokuwa wakiishi pale ilibaki ya kubishaniwa. Wapo waliosema laki kadhaa, wapo waliosema idadi ndogo mno kuliko hiyo. Wanabishana juu ya mji mzima kama watu wanaobishana juu ya nyota. Mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2001, na waya wa gridi ya taifa ukavutwa kutoka Shinyanga mpaka huko. Umeme hauna kabila, huwezi kujua upi umetoka Kihansi na upi umetoka Mtera, lakini gridi ni moja.

Mwalimu mwenzangu wa historia nikimweleza haya huwa anapiga meza. "Unaona? Chura kapandishwa ndege, binadamu kazama bila jina!" Nimelisikia neno hilo mara nyingi, kwenye basi, kwenye kijiwe cha kahawa, hata kutoka kwa watu wazito. Silikubali. Ni kumwonea chura kijicho. Chura hakumnyang'anya abiria wa daraja la tatu karatasi wala kalamu. Aliyeshindwa kuandika majina bandarini hakushindwa kwa kuwa alikuwa Udzungwa anahesabu vyura. Tena nasema, ukimtoa chura kwenye orodha huongezi mtu hata mmoja.

Anayenisumbua zaidi ni mjomba wangu, kwa sababu yeye hadai kuhesabiwa. Yeye anakataa.

Mjomba alichimba miaka mingi. Mwaka 1998, kwenye machimbo fulani nisiyoyataja, duara lao lilibomoka matimba yaliposhindwa kushikilia. Walichimba kifusi siku 3 wakatoa watu 4. Mjomba alisema walioshuka ni 5, anajua, kwa kuwa asubuhi ile walikula sinia moja. Wa tano alikuwa akiitwa Shilingi. Hakuna aliyejua Shilingi ni nani kwao, wala ametoka Maswa au Sengerema au Burundi. Wakaambiwa waliotoka wanatosha. Duara likafukiwa, wakahamia lingine.

Ningetegemea mtu wa namna hiyo awe wa kwanza kutaka majina yaandikwe. Wapi! Nilipomwambia nataka kuanzisha daftari alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mjomba," akaniambia, maana na yeye huniita hivyohivyo, "wewe umesoma lakini hujui kitu. Babu yako alihesabiwa ng'ombe. Waliwahesabu ili iweje?"

Najua walihesabiwa ili iweje. Miaka ya 1950, chini ya mpango wa Waingereza wa kuendeleza Usukuma, ng'ombe walihesabiwa wakatozwa kodi, na watu wakalazimishwa kuwapunguza kwa kuwa eti ardhi imeelemewa. Kabla ya hapo kulikuwa na kodi ya kichwa, na kichwa huwezi kukitoza kabla hujakihesabu. Bibi yangu mpaka anakufa hakupenda mtu aseme ana wajukuu wangapi. Ukimwuliza alikuwa akijibu, "Wapo." Nikiwa mtoto nilidhani ni ushirikina. Siku hizi nadhani ilikuwa ni siasa.

Basi huku kwetu kuna watu wa aina mbili ambao hawamo kwenye orodha. Yupo ambaye hakuandikwa kwa kuwa hakuonekana ana thamani ya wino. Na yupo aliyekimbia kuandikwa kwa kuwa kila aliyewahi kumwandika alikuja baadaye kuchukua kitu. Ukiwatazama kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Pengine ni mtu yuleyule katika siku mbili tofauti.

Pamoja na maneno ya mjomba, nilianza. Binamu yangu ana duara na aliogopa yaliyompata mzee wake. Nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla sijakwenda shule, napita pale, naandika wanaoshuka, na jioni nikipata nafasi naandika waliopanda. Watu wa duara ni wa maneno. Waliniita Ticha wa Mauti. Niliwaeleza nia yangu moja tu: kifusi kikianguka, tujue tunatafuta nani na tumpigie nani simu. Baadhi walinipa majina ya utani. Baadhi walinipa majina halisi kwa kunong'ona, na kijiji, na namba ya simu. Mmoja aliyeitwa Saa Sita, mtu mpole mwenye nyundo na moko visivyomtoka mkononi, alinipa jina lake lote na kijiji chake huko Meatu. Akasema, "Hili ni la kwako na la kifusi."

Nilijiona nimefanya jambo. Nilijilinganisha hata na idara, kusema kweli.

Mwezi Machi akaja mwanamke shuleni, mtoto mgongoni. "Mwadila, mwalimu." Nikaitikia. Akatoa picha kwenye pochi. Alikuwa Saa Sita, amevaa suti, amesimama mbele ya pazia la studio. Mwanamke akasema amesikia kuna mwalimu anaandika majina ya wachimbaji. Alikuwa anazunguka tangu Kahama, wiki ya tatu. Hakuniambia kama anamtafuta mume apate matunzo, au amwambie mama yake amekufa, au amfikishe mbele ya wazee. Sikumwuliza pia. Mtoto alikuwa na homa, nilimsikia kwa mkono.

Ndugu msomaji, hebu jiweke hapo. Jina lilikuwa ndani ya mkoba wangu, kwenye meza, kati yetu. Nikasema, "Dada, acha namba yako, nitaangalia." Nikampa nauli ya zahanati. Ule ulikuwa uongo, kwa sababu sikuwa na haja ya kuangalia.

Jioni nikamwendea Saa Sita. Nikamweleza taratibu, nikamtaja na mtoto. Hakukasirika. Alinyamaza, akawa anaupangusa moko wake kwa kitambaa, kisha akasema, "Ticha, uliniambia ni kwa ajili ya kifusi."

Kesho yake hakushuka. Keshokutwa chumba alichopanga kilikuwa wazi. Sijui yuko Nyarugusu au Chunya, au amerudi Meatu, jambo ambalo napenda kuliamini siku ninazochoka. Popote alipo, nina hakika hamna tena mtu aliyepewa jina lake. Lile duara likianguka, atakuwa wa tano.

Nilimlaumu mwanamke, nikamlaumu mwanamume, nikamaliza kwa kujilaumu mwenyewe, na bado sijui kosa langu ni lipi hasa. Kama ni kumwambia mwanamke uongo au ni kumwambia mwanamume ukweli. Mjomba alicheka tu. Mwalimu wa historia alisema nilipaswa kutoa jina, mtoto ana haki kuliko siri. Huenda. Lakini kama ningelitoa, wale wengine wote walionong'ona wangekuwa wamenong'ona kwa mtu mwingine, si kwa mimi niliyewaahidi.

Hapo ndipo nilipokumbuka tena watu wa idara na ule mwaka wao. Nilikuwa nikiwauliza kwa nini walikubali kuhesabu kwa ajili ya mradi. Sasa nawauliza kitu kingine, na nawauliza kwa upole zaidi: mlipotoa namba zenu, mlijua zitakwenda wapi? Namba ikitoka mkononi haikumbuki iliombwa kwa nini. Namba ya vyura ilitafutwa ili ijulikane kuna nini korongoni. Ikatumika kuomba mabomba, ikatumika kuonyesha kwamba mambo yanakwenda vizuri, kisha ikatumika kutangaza msiba. Tofauti ninayoiona ni moja, na ndiyo inayonifanya niwaheshimu: walipoishiwa na vyura hawakuondoka. Walikaa na mia moja wale nyuma ya kioo na wakaendelea kuandika. Mimi kwa upande wangu, wiki ile Saa Sita alipotoweka, nilikaa siku 4 bila kupita durani. Nilisema nasahihisha mitihani.

Siku ya tano nikarudi. Watu 9 walikuwa wamenifutia majina yao halisi, yaani waliniomba niyafute mbele yao, na niliyafuta kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Sasa ukurasa umejaa Kiberiti, Mzee wa Kazi, Mlokole, Saa Nane. Binamu ananiuliza orodha ya namna hiyo itatusaidia nini. Namjibu kwamba angalau tutajua ni wangapi. Ananitazama, anasema, "Kama chura."

Yule mwanamke hunipigia Jumapili. Namba yake nimeihifadhi. Wiki tatu zilizopita nilimwambia ukweli wote, kwamba nilijua, kwamba nilimwendea yeye kwanza, na kwamba ameondoka. Alikaa kimya muda mrefu, nikasikia jogoo upande wake. Kisha akauliza, "Alikuwa anakula?" Nikamwambia ndiyo. Anapiga bado, anauliza kama kuna aliyemwona.

Kwenye kaunta buku nimechora safu mpya mbili. Moja ni ya mtu wa kuambiwa. Nyingine ni ya mtu wa kutoambiwa. Safu hii ya pili imejaa haraka kuliko nilivyotegemea, na ile ya kwanza wengi wameiacha wazi. Asubuhi ya leo baba yake yule kijana wa kidato cha pili alichukua kalamu yangu, akaishika kama watu wasioizoea wanavyoishika, akaandika kwenye safu ya kwanza jina la mwanawe, na darasa lake.